Simu Imeshikwa na Mababu

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: watu wa Sigor wamemaliza intaneti yao.

Niliusikia kwenye josho, ng'ombe wangu akiwa bado anatiririka dawa. Mama mmoja mwenye jamaa upande wa Chepalungu alisema walipewa ya kutosha mwaka mzima, wakaitumia ovyo, kila mtu na lake, ikaisha mahindi yakiwa bado mabichi. Sasa, akasema, kompyuta yao imefunikwa kitambaa cha meza kama redio isiyo na betri.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka mpaka nikafika nyumbani. Lakini nilipoketi kukamua, kicheko kilikauka. Maji ya tangi huisha. Nyasi huisha. Hata uvumilivu wa mwanamume huisha. Kwa nini hiyo isiishe? Na ikiisha, inaondoka na nini? Kwa sababu ya kwetu Kimulot ilikuwa inapita ndani ya waya wa simu, na huo waya ndio niliokuwa nimeutegemea kwa maisha ya mtoto wangu.

Ninawaandikia akina mama wenzangu wa vituo vingine, maana nasikia na nyinyi mtaletewa kabla ya mwaka elfu mbili. Someni kwanza, ndipo mshone kitambaa cha kuifunika.

Kwetu kuna banda la majani, mahali tunapopeleka chai tuliyochuna ipimwe, halafu lori linakuja kuibeba kwenda kiwandani. Ndani ya banda kuna ofisi ndogo, na katika ofisi kuna simu. Moja. Hiyo simu ilikuwa ya kila mtu. Iliita lori likichelewa. Iliita mtu wa kupandisha ng'ombe mbegu. Iliita hospitali. Halafu mwaka wa tisini na nane wafadhili wa kanisa wakatuletea kompyuta, wakaifunga kwenye waya ule ule. Wakasema ni ya kuangalia bei ya chai, masomo ya watoto na habari za mvua. Wakasema pia ni ya bure, wao watalipa. Walisema mambo mengi siku hiyo, lakini watu walienda nyumbani na neno hilo la mwisho.

Karani wetu wa majani anaitwa Gekara, mtu wa Kisii aliyehamia hapa zamani mpaka anatukana kwa Kipsigis. Alipelekwa Kericho kufundishwa kompyuta, akarudi anatembea tofauti. Aliandika kwa kidole kimoja, lakini kabla ya kuandika alikuwa anakipangusa hicho kidole kwa kitambaa, kama daktari anayetaka kupima mtu.

Jambo moja alitueleza siku ya kwanza na hatukumsikia. Kompyuta ikiingia kwenye intaneti, simu haiingii na haitoki. Waya ni mmoja. Ni kama mlango wa zizi: ng'ombe mmoja akisimama hapo katikati, wote wanangoja, hata kama yeye mwenyewe haendi popote, amesimama tu anacheua.

Wakati huo binti yangu Nelvine alikuwa mjamzito, tumbo limekaribia. Ameolewa ng'ambo ya mto na kijana anaitwa Kipsang. Daktari wa hospitali ya Kaplong alikuwa amempapasa akasema mtoto amelala kando, kichwa huku na miguu kule, kama mtu aliyejinyoosha kwenye kochi. Akaniambia, "Mama, huyu hawezi kuzaliwa nyumbani. Uchungu ukianza tu, usingoje. Piga simu, tutaleta gari." Akanipa nambari. Niliishika kwa kichwa. Nikaitia sauti ya wimbo wa kanisani nikawa naiimba nikichuna majani, mpaka jirani yangu Esnah akaniuliza ni wimbo gani huo wenye saba nyingi hivyo.

Kwa hiyo kila nikipita banda nilikuwa naingia kunyanyua simu, nisikie kama iko sawa. Haikuwa sawa. Ilikuwa inalia kama paka aliyefungiwa kwenye debe. Hiyo maana yake kuna mtu yuko ndani.

"Ni nani leo?" namuuliza Gekara.

"Phelix wa kwaya."

"Anafanya nini?"

"Anatafuta picha ya mto Yordani. Ya kalenda."

Ile picha ilianza kushuka asubuhi. Ilikuwa inashuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayeteremsha blanketi polepole. Wakati wa kukamua jioni tulikuwa tumepata mbingu. Mto haukufika. Kalenda ya kwaya mwaka huo ina mbingu ya buluu, na chini yake wameandika Yordani.

Siku nyingine nikakuta Mwalimu Nyambeki, wa shule ya msingi. Alikuwa amepata barua inayosema: tuma hii kwa watu kumi, usipotuma utapatwa na msiba. Mwalimu ni mtu wa kuogopa Mungu na kila kitu kingine. Lakini watu kumi wenye imeili angewatoa wapi? Kimulot nzima tulikuwa na anwani moja, hii ya banda. Basi akajitumia mwenyewe mara kumi. Zilipofika, kila moja ilikuwa inasema atume kwa watu kumi.

"Mwalimu, kwani hii itaisha lini?" Gekara alimuuliza.

"Wewe tuma tu, Gekara. Mimi nina watoto."

Siku hiyo ng'ombe wa Esnah alikuwa anahitaji dume, na mtu wa mbegu hakuweza kuitwa. Ng'ombe hajui mambo ya zamu. Alivunja ua akajitafutia mwenyewe, akapata dume la jirani lisilo na mbele wala nyuma. Esnah alikuwa ametumaini ndama wa maziwa mengi. Alipata kitu chenye pembe na hasira.

Nilisimama kwenye mkutano wa kamati nikasema haya. Nikasema simu ni ya wagonjwa kwanza. Wote waliitikia kwa vichwa. Halafu nikawauliza ni nani anatumia sana, na hapo hakukuwa na mtu. Phelix alisema yeye hutumia kidogo tu. Mwalimu Nyambeki alisema yeye ni kidogo tu, tena kwa sababu ya msiba. Mzee mmoja alisema hajawahi kuitumia, huwa anaingia tu kuota joto lake. Tulitoka pale tukiwa watu wazuri sana, na simu ikaendelea kulia kama paka.

Sasa niwaambie kuhusu Kogo Jerusa. Kogo kwetu ni nyanya, na huyu ndiye nyanya yao Kipsang, mume wa Nelvine, na kaka yake Aron. Kogo ndiye aliyewalea, na ukoo wote wanamsikiliza. Aron alienda Amerika kusoma kwa sababu ya mbio, akaoa, na mwezi ule mke wake akajifungua mtoto wa kiume huko huko. Habari ikaja kwa imeili. Tukafurahi. Halafu ikaja nyingine: mtoto analia usiku na mchana, hatulii, na daktari wa huko hajaona ugonjwa.

Kogo alisomewa hiyo akatikisa kichwa. "Atanyamaza aje na hana jina?"

Kwa asiyejua: kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wazee huketi na kuita majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja moja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Kanisa linajua na halijui. Lakini sijasikia mtoto ameitiwa mababu akiwa Amerika na wanaoita wako Kimulot.

Gekara, kwa kutaka kusaidia, alisema, "Kogo, nipe majina yote niyatume mara moja. Aron ayasome hapo."

Kogo alimwangalia kama mtu aliyetema mate kwenye kibuyu cha maziwa ya mursik. "Hawa ni wazee. Utawaita kwa mkupuo kama watoto wa shule? Unamwita mmoja. Unangoja. Kama si yeye, unamshukuru, unamwita mwingine."

Gekara akakunja kitambaa chake cha kidole. Baadaye aliniambia, "Mama Nelvine, mambo ya wafu wenu mimi siingilii. Nina wangu."

Wakapanga siku, mchana wa huku ambao ni asubuhi ya kule. Ikawa ni siku ya majani, siku lori linapokuja, maana kwa Kogo siku zote zilikuwa sawa. Na Nelvine naye alianza uchungu siku hiyo hiyo, tumemaliza tu kula.

Niliitwa, nikavuka mto, nikamkuta ameshika nguzo ya nyumba yao. Kipsang alikuwa amechemsha maji, masufuria yote ya boma, yangetosha kunyonyoa kuku wa Konoin nzima. Nilimwuliza ni ya nini. Akasema hajui, amesikia huwa wanachemsha. Nikamwambia amshike mke wake mkono, nami nikateremka njia ya banda mbio, aproni ya plastiki ya kuchunia bado imenifunga kiunoni, naiimba nambari.

Nje ya banda watu walikuwa wamekaa na vikapu vyao. Majani yalikuwa mengi, na ukungu wa Mau ulikuwa umeshatuacha, jua linawaka. Lori halikuwa limeonekana. Esnah akaniambia, "Hata usiulize. Limekwama mahali au halijatoka, hatujui. Simu imeshikwa."

"Na nani?"

"Mababu."

Ndani kulikuwa na Kogo Jerusa kwenye kiti, mbele kabisa ya kompyuta, amejifunga shuka yake nzuri, kikopo cha ugoro mkononi. Nyuma yake walikuwa akina mama wazee wa ukoo wameketi kwenye magunia. Gekara alikuwa na kidole chake juu, amekipangusa.

"Andika Arap Mosonik," Kogo akasema.

"Kogo, huyu tulianza naye," Gekara akasema.

"Mwite tena. Alikuwa mzito wa kuamka hata akiwa hai."

Huyu Arap Mosonik namkumbuka nikiwa msichana. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mzee yeyote upande huu, ndiyo sababu Kogo alimtaka sana. Lakini hakupita Sotik maisha yake yote. Alikuwa anaogopa madaraja. Watu walikuwa wakimletea harusi nyumbani. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie avuke bahari.

Gekara alituma. Tukangoja. Kompyuta ikawaza. Jibu la Aron likaja: Bado, Kogo. Analia tu.

"Mshukuruni," Kogo akasema, na akina mama wakamshukuru Arap Mosonik.

Hapo nilijipenyeza mbele. Nisamehewe, lakini nilijipenyeza. "Kogo, chamge. Ni Nelvine. Uchungu umeanza. Naomba simu."

"Chamgei, Mama Nelvine. Umeanza lini?"

"Sasa hivi."

"Basi kuna muda. Wa kwanza huchelewa." Akafungua kikopo, akavuta ugoro kidogo. "Mimi nilimzaa baba yake Kipsang nikipalilia wimbi. Nikamlaza pembeni nikarudi nikamaliza mstari."

"Kogo, daktari alisema mtoto amelala kando."

"Madaktari wanasema hivyo kwa kila mtu. Wasichana wa siku hizi upepo ukiwapiga wanataka gari." Akina mama wakacheka. "Ngoja jina moja tu. Limebaki moja tu."

Niligeuka kwa Gekara. "Kata hii kitu kwa dakika tu."

"Mama, nikikata sitarudi." Alikuwa anatoa jasho. "Leo nimejaribu kuingia tangu asubuhi. Ukiachilia laini, watu wa Kericho wanaikamata, na utawaambia nini hawa?" Akaonyesha wazee kwa macho, na sikujua kama anaonyesha waliokaa kwenye magunia au wale wengine.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hukung'oa huo waya? Waya ulikuwa karibu na mguu wangu. Niliuangalia. Lakini nyinyi mnajua mambo ya ukwe. Mimi ni mama wa msichana. Nikimng'olea nyanya ya mkwe wangu waya katikati ya jina la ukoo, huyo Nelvine ataishi na nani katika boma hilo? Atapika uji gani ambao hautasemwa? Nilisimama pale nimefungwa mikono na heshima, na mtoto wangu ameshika nguzo.

Jina moja likatumwa. Bado, Kogo. Likafuata lingine ambalo pia lilikuwa limebaki moja tu. Bado. Kutoka nje harufu ilikuwa inaanza kuingia, ile harufu ya majani yaliyojipasha joto kwenye kikapu, yanapoanza kuwa mekundu na kukosa faida. Esnah alichungulia mlangoni.

"Kogo, majani yanaungua."

"Yageuzeni."

"Tumeyageuza mpaka yanatujua."

"Jina moja tu."

Hapo ndipo akili ilinijia. Kama mimi nimefungwa na ukwe, basi hata Kogo amefungwa. Kuna kitu kimoja ambacho mkwe hanyimwi, hata kama nyumba inawaka.

Nikapiga magoti karibu na kiti chake. "Kogo, mimi sina haraka na simu tena. Lakini Aron ni kaka ya mkwe wangu, amepata mtoto, na mimi sijamsalimia. Si vizuri. Nipe zamu moja nimpe salamu."

Kogo alifikiri. Ningeomba kitu kingine chochote angekataa. Lakini kumnyima mkwe salamu, mbele ya akina mama wote wa ukoo?

"Gekara, mwandikie salamu ya Mama Nelvine," akasema. "Iwe fupi."

Gekara akapangusa kidole. Nikamwambia polepole, na sikuinua sauti: "Aron, chamge. Hongera kwa mtoto. Mimi ni Tecla, mama ya Nelvine wa Kipsang. Nelvine ana uchungu na mtoto amelala kando. Simu ya huku mmeishika nyinyi. Wewe uko na simu huko. Pigia Kaplong walete gari Kimulot." Halafu nikaimba nambari, kwa sababu bila kuimba singeikumbuka. Gekara aliandika akifuata wimbo.

Kogo aligeuka akaniangalia kwa muda mrefu. "Hiyo ni salamu?"

"Ni salamu, Kogo. Nimeanza na chamge."

Tukangoja. Naona sijawahi kungoja hivyo. Halafu maneno yakaja, mawili tu. Gekara akasoma: "Nakata sasa."

Maana hata Amerika, kumbe, nyumba ya Aron ilikuwa na waya mmoja. Ili apige simu ilibidi atoke kwenye kompyuta. Nilitoka pale nikakimbia kwa Nelvine, na nikiwa mlangoni nilimsikia Kogo akisema, "Haya, tuendelee. Andika Arap Sitonik."

"Kogo, Aron ameondoka," Gekara akasema.

"Atarudi. Andika. Na usikate, tutapoteza nafasi."

Niaminini, waliendelea. Esnah ndiye alinieleza baadaye. Waliita wazee na kushukuru wazee, wakatuma mpaka vidole vya Gekara vikachoka, au kile kimoja kikachoka, na upande ule mwingine hakukuwa na mtu yeyote. Simu yetu yote, laini yote, lori, majani ya kijiji kizima, imeshikwa kuzungumza na chumba kisicho na mtu. Walikuwa bado wameishika wakati gari la hospitali lilipita mbele ya banda na matope mpaka kwenye madirisha. Kogo alitoka nje na shuka yake.

"Gari hilo limeitwa na nani? Simu si hii hapa?"

Esnah akamjibu, "Limeitwa na Amerika, Kogo."

Walituweka kwenye gari, Nelvine, mimi na Kipsang, ambaye alikuwa bado ameshika sufuria. Njiani muuguzi alinihadithia. Alisema simu ililia, sauti ikawa ya mbali kama mtu aliye ndani ya mtungi, na nyuma yake mtoto analia kweli kweli. Alidhani huyo mtoto anayelia ndiye mgonjwa. Aron akamwambia, "Si huyu, huyu ni mzima, huyu hana jina tu. Ni mwingine, Kimulot, bado hajatoka. Ulizeni Tecla." Na alipotaja Tecla, yule mtoto alipiga chafya kubwa akanyamaza.

Nikamfunika Nelvine shuka vizuri.

Nelvine alipasuliwa siku hiyo. Mvulana. Daktari alisema tungengoja lori, au tungengoja jina lile moja, angekuwa anazungumza nasi kwa sauti nyingine. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nilitoka nje ya wodi nikaketi kwenye nyasi, nikagundua kwamba bado naimba nambari.

Kogo Jerusa alikuja Kaplong na kibuyu cha mursik, mpole kidogo. Majani yake mwenyewe yalikuwa kati ya yale yaliyotupwa, kwa hiyo alikuwa amesikia maneno njiani. Aliketi. Akakohoa.

"Nasikia mtoto wa Aron alipiga chafya."

"Nasikia hivyo, Kogo."

"Kwa jina lako."

"Ndiyo."

"Na wewe uko hai. Na si wa ukoo wetu. Na ni mwanamke." Alinikagua juu mpaka chini, kama anayetaka kuhakikisha jambo la kwanza. "Hiyo ilikuwa baridi ya Amerika."

"Hata mimi naona ni baridi, Kogo."

Akamchukua mtoto wa Nelvine, akamfunua uso. Kwa vile tulikuwa wodini, na sista anapita pita, aliinama akamnong'oneza sikioni jina moja. Moja tu kweli kweli, safari hii. Arap Mosonik. Na yule mtoto alikunja pua, akafungua mdomo, akapiga chafya iliyomtoa Kipsang usingizini.

Kogo alimpangusa pua kwa shuka yake. Halafu akaanza kucheka mpaka meno mawili aliyobakiwa nayo yakaonekana. "Mzee huyu," akasema. "Tunapiga kelele kumwita Amerika, na yeye yuko njiani anakuja nyumbani. Kwanza angevuka daraja gani?" Halafu akaacha kucheka, akamfunika mtoto vizuri, akasema bila kuniangalia, "Ningemkawiza, Mama Nelvine. Angerudi na kukuta mlango umefungwa, na mimi ndiye nimeketi mlangoni."

Nilimmiminia mursik.

Tulikuwa tumekaa hivyo nikasikia mama wa kitanda cha pili anasema anatoka Sigor. Sikungoja hata salamu ziishe. Nikamwuliza kuhusu intaneti yao, ile waliyoimaliza.

"Yetu?" akasema. "Sisi hatujaletewa hata kompyuta. Tulisikia ni nyinyi watu wa Kimulot mmemaliza ya kwenu."

Nilitaka kubisha. Lakini nikaangalia kitanda cha Nelvine, nikaona hata sisi hatukusingiziwa sana.

Kamati ilikaa tena baada ya majani kutupwa. Watu walikuwa wakali. Kila mmoja alijua ni nani mwenye makosa, na hakuna wawili waliomtaja mtu mmoja. Phelix alisema yeye ni kidogo tu. Mwalimu Nyambeki akasema kidogo tu. Kogo Jerusa, ambaye hakuwa amealikwa, akasimama kwenye mlango akasema, "Yangu haikuwa kidogo, na sikuiona. Kidogo cha huyu, na kidogo cha huyu, na cha wafu, hiyo ndiyo ilikuwa simu nzima." Akaketi.

Sasa kompyuta inawashwa asubuhi, kabla majani hayajaanza kuja. Mchana waya ni wa simu, na Gekara ana amri ya kukata hata kama aliye ndani ni mchungaji. Mtoto wa Aron, nasikia, bado wanamtafutia jina, lakini Aron ameandikiwa majina yote kwa barua ya kawaida, ayaite mwenyewe polepole. Kogo aliona wazee hawatakasirika. Kwenye karatasi kila mzee ana mstari wake, akasema, ukitaka kuiona hivyo.

Basi nyinyi mtakaoletewa, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiseme "kidogo tu" kabla ya kutoka nje kuona ni nani anangoja.

Usitafute picha ya mto siku ya majani.

Ukiletewa barua ya kukutisha, usiitume kwa mtu, na zaidi usijitumie mwenyewe.

Usishikilie laini kwa sababu unaogopa hutaipata tena. Anayengoja nje anaogopa zaidi.

Usiendelee kuzungumza kabla ya kuuliza kama upande wa pili kuna mtu.

Usidhani cha bure hakina anayelipa. Esnah amelipa, mwangalie ndama wake.

Usimwambie mwanamke mwenye uchungu kwamba wa kwanza huchelewa.

Usiache nambari ya hospitali kwenye karatasi. Iimbe.

Usimwite Amerika mtu ambaye hakutaka kupita Sotik.

Na usicheke watu wa Sigor.